Picha Iliyokaa na Mbegu

Sijui wenzangu wakiona picha ya eksirei wanakumbuka nini. Mimi nasikia harufu ya mahindi ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi wa kuni. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu hospitali, alikuwa ameumia mkono, na siku hizi picha yenyewe haishikiki, iko kwenye kompyuta, lakini bado nikajikuta nanusanusa hewa pale mbele ya daktari. Binti yangu akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia hakuna kitu. Ninyi nitawaambia.

Kwetu ni Kibosho, na habari hii ni ya miaka ile ya Ujamaa, nikiwa shule ya msingi. Baba alikuwa amejenga nyumba ya bati, lakini mimi nilipenda kushinda kwa Bibi, mama yake baba, ambaye alikataa katakata kuhama msonge wake wa nyasi uliokuwa katikati ya migomba, kwenye kihamba hichohicho, shamba letu la ukoo. Ndani mlikuwa na ng'ombe, mafiga, na juu ya mafiga dari la miti ambako Bibi alihifadhi mahindi ya mbegu. Moshi uliyafukiza usiku na mchana mpaka yakawa meusi, na hakuna mdudu aliyeyasogelea. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kupanda kule. Hata ule mwaka ambao unga ulikuwa wa kupanga foleni na tukawa tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, mahindi yale hayakuguswa.

Basi nikaanguka kutoka kwenye mpera, nikaumia ubavu. Hospitali ndogo ya jirani walinipiga picha ya kifua, wakasema mbavu ni nzima. Upande wa kulia palikuwa na kitu cha duara ambacho hawakukielewa vizuri, wakasema labda ni kovu la nimonia ya zamani. Wakampa Baba ile picha aende nayo, maana kabati lao lilikuwa limejaa.

Bibi aliiinua kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kichagga, kwamba mifupa ya mtoto si kitu cha kuachwa sebuleni ili kila anayekuja kunywa mbege aitazame apendavyo. Akaiviringisha kwenye majani makavu ya mgomba na kupanda nayo darini. Mimi niliona aibu sana. Nilijiuliza watoto wa darasa langu wangenicheka namna gani wakijua kwamba mbavu zangu zinakaa na mahindi.

Mwaka uliofuata nikaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha kung'ang'ania, kikipoa wiki hii kinarudi wiki ijayo na homa juu. Mama alinipa mtori wa ndizi mpaka nikauchukia, na bado gauni la shule lilizidi kunipwaya. Mwalimu akanihamishia dawati la peke yangu dirishani, nami nikajua watu wanawaza kifua kikuu. Baba akanipeleka hospitali kubwa mjini Moshi, nikalazwa. Mama alibaki nyumbani na mdogo wangu mchanga.

Kifua kikuu hakikuonekana. Aliyekuja na majibu alikuwa daktari mwembamba, mwenyeji wa Bukoba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi uinamishe kichwa ili umsikie. Alitupeleka kwenye chumba chenye kisanduku cha taa ukutani, akabandika picha yangu mpya.

"Ndugu," alimwambia Baba, "mtoto ana uvimbe kwenye pafu. Kwa watoto ni nadra mno. Mimi mwenyewe nimeusoma vitabuni tu."

Baba alikuwa amevua kofia, anaizungushazungusha mikononi. Daktari akaendelea taratibu. Kama uvimbe huo umeota mwaka huu na tayari umekuwa mkubwa hivyo, basi ni mbaya, itabidi waliondoe pafu zima haraka, na hata hapo hawezi kuahidi kitu. Kama ulikuwepo siku nyingi na umetulia, basi ni mpole, watautoa wenyewe tu na pafu litabaki. "Picha moja hainiambii ni lipi kati ya hayo mawili. Amewahi kupigwa nyingine?"

"Amepigwa," Baba alisema. Halafu akakumbuka iliko, nikamwona uso unambadilika.

Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Sikuelewa habari za pafu, lakini nilielewa kwamba kuna kitu kinatakiwa ili nipone, na kitu hicho kimekuwa juu ya moto mwaka mzima.

Zilikuwa mvua za masika, barabara ya Kibosho ilikuwa tope tupu, na Baba alipanda mlimani kwa miguu. Kesho yake alirudi na Bibi. Bibi hakuwa mtu wa kuteremka mjini ila kwa msiba, kwa hiyo nilipomwona mlangoni na khanga zake mbili moyo ulinipasuka. Bunda la majani ya mgomba alikuwa amelikumbatia kifuani, ndani ya khanga, na hakukubali Baba amsaidie kulibeba.

"Shikamoo, bibi," alisema daktari.

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kiliishia hapo hapo.

Picha ilitoka kwenye majani ikiwa imejikunja, nyeusi kwa masizi, kona moja imeungua na kufinyaa. Daktari aliiweka kwenye taa na hakuna kilichoonekana. Baba, kwa aibu, akamgeukia mama yake. "Mama, kweli, juu ya moto?"

"Ningeiweka wapi tena?" Bibi alijibu, akashangaa kuulizwa. Akatema mate kwenye pindo la khanga ili aisafishe, daktari akaudaka mkono wake katikati ya safari. Akaichukua yeye, akaipeleka chumba cha giza ioshwe taratibu kwenye maji, kama wanavyoosha picha mpya, kisha ianikwe.

Tukabaki kusubiri. Bibi akaisogelea ile picha mpya iliyokuwa bado inawaka ukutani, akaweka kidole juu ya lile duara, akasema neno. Baba akatafsiri huku hajui acheke au alie. "Anauliza, huu si ndio moyo wa mtoto? Anasema hata kwenye ile ya kwake upo. Akipanda kuchukua mbegu huwa anautazama."

Daktari aliyekuwa amerudi akamwonyesha moyo ulipo, upande mwingine. Kisha akamwambia Baba, "Muulize ulikuwa mkubwa kiasi gani."

Bibi akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akafanya duara, akaliinua mbele ya taa. Daktari alivitazama vidole vile, akasema tu, "Tungoje ikauke."

Ilipokauka waliitundika kando ya ile mpya. Bega moja lilikuwa limepotea na pembeni palibaki madoa ya kahawia, lakini katikati palionekana. Daktari alipima kwa rula huku, akapima kule, akarudia. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tukamsikia bila kuinamisha vichwa.

"Haujakua."

Baba alikaa kwenye benchi ghafla, akafunika uso kwa kofia, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Bibi aliuliza kuna nini, akaambiwa, akanivuta na kunikumbatia mpaka nikakohoa.

Mvua zilipokatika nikawa nimepata nguvu, wakanipasua na kuutoa. Uligundulika kuwa mpole kweli. Ulikuwa umebana njia ya hewa tu. Picha ya mwisho ilitoka safi, mapafu mawili yasiyo na kitu, na daktari akamkabidhi Bibi kwa mkono wake. "Lakini bibi, si juu ya moto." Bibi alipotafsiriwa alicheka, akaitikia kwa kichwa.

Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Tulipokuwa tunauondoa msonge, mimi ndiye niliyetumwa kupanda darini. Nikateremsha mahindi, na nyuma yake bunda la majani makavu ya mgomba. Hakumsikiliza daktari hata kidogo. Nilikaa juu ya mafiga yaliyopoa, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio.

Bibi alikuwa na sanduku la kufuli kwa ajili ya vitu vya thamani: shanga, khanga mpya, hela ya kahawa. Mimi hakuniweka humo. Darini aliweka kile ambacho hata njaa ikiingia hakiliwi, kwa sababu lazima kifike mwaka unaofuata.