Siku Kamba Zilipobaki Tupu

Mama Dobi alikuwa mtu wa kuogopa mapema. Wingu dogo likichungulia upande wa pili wa mji, yeye alikuwa tayari anaanua nguo. Binti yake akichelewa kurudi, kabla chai haijapoa alikuwa ameshampeleka hospitali kichwani mwake, ameshamuuguza, na binti asipotokea mlangoni upesi, ameshamzika. Lakini alikataa kuitwa mwoga. "Mimi najiandaa tu," alisema.

Kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Ua wake ulikuwa mpana kuliko nyumba yenyewe, na kamba zilikatiza huku na huku, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo za chuma. Mteja wake mkubwa alikuwa gesti ya barabara kuu, iliyomletea mashuka meupe kwa mafurushi. Siku nyingi ukiingia uani pale ungedhani umeingia wodini: weupe mtupu, na sauti ya mtu usiyemwona ikikwambia, "Pita kushoto, ila usiguse!"

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyeitwa Kasuku tangu utotoni kwa sababu ya kuigiza watu. Alijua kukohoa kama mwenye duka na kutembea kama mwalimu mkuu mwenye viatu vinavyobana. Alipokua, akaungana na wenzake wawili wakaunda kikundi cha michezo ya kuigiza. Mmoja alikuwa kinyozi wa pale kona. Mwingine alikuwa fundi baiskeli aliyeitwa Mnene, mwembamba kama spoku.

Ukumbi hawakuwa nao, kwa hiyo jioni walifanya mazoezi uani kwa Mama Dobi, katikati ya mashuka. Yeye alikuwa chini ya bati, anapiga pasi ya mkaa, ameelekea ukutani ili upepo usimrushie majivu kwenye nguo. Miaka ikapita hivyo, wao wakicheza nyuma ya mgongo wake. Mchango wake wote katika sanaa ulikuwa maneno matatu: "Msiniguse mashuka yangu!"

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kesho ya Kasuku. Kaka yake Mama Dobi alikuwa na duka la saruji na misumari katika mji mwingine, naye alitafuta mtu wa kukaa kaunta. Mshahara wa kila mwezi, chumba cha bure, kiti chenye mgongo.

"Mwanangu, nenda kwa mjomba wako," mama alibembeleza. "Huku kuchekesha watu utachekesha mpaka lini?"

"Mpaka nawe ucheke, mama."

"Mimi nitacheka nikikuona na kazi."

Walibishana mpaka wakachoka, ndipo wakapatana. Kikundi kilikuwa kimeomba ruzuku ya sanaa kutoka jijini, fedha za kuzunguka na mchezo wao mitaani na mashuleni kwa mwaka mzima, nao wapate chochote cha kuweka mfukoni. Jiji likikubali, Kasuku abaki. Jiji likikataa, afungashe aende dukani bila kununa. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara.

Siku moja simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa ofisi ya utamaduni ya jiji. Kasuku akafungua sauti ili wote wasikie.

"Tutakuja Alhamisi, mimi na mjumbe wa kamati," ile sauti ilisema, taratibu na kwa adabu. "Tunataka kuwaona hapohapo mnapofanyia mazoezi, kama mlivyo siku zote. Tafadhali msijisumbue kwa lolote."

Kasuku alisikia maelekezo. Mama yake alisikia heshima. Katika maisha yake yote hakupata kuona mgeni anayesema usijisumbue akamaanisha usijisumbue. Mgeni akisema hivyo, ndipo unapokwenda kuazima viti.

Alhamisi aliamka na ufagio mkononi. Kasuku na wenzake walitoka mapema kwenda kuchukua mavazi kwa fundi cherehani, na kutoka huko wangepitia barabarani kuwapokea wageni, maana nyumba ile haikuonekana kirahisi. Mama Dobi akabaki na ua wake. Akafagia, akanyunyiza maji, akafagia tena. Kisha akasimama, akatazama kamba.

Foronya za watu. Mashuka ya watu. Soksi moja iliyokosa mwenzake. Uso ukamwiva. Watu wa jiji waje, na kitu cha kwanza kuwapiga usoni kiwe shuka bichi la mtu asiyejulikana?

Akaita jirani yake, mama mwenye sauti iliyofika kokote bila simu. "Mwenzangu, njoo unisaidie kuanua!"

"Mbona bado mabichi haya?"

"Bichi siyo bichi, yatoke!"

Mabichi wakayabeba kwa mabeseni hadi bafuni kwa jirani. Makavu ya gesti, yaliyokwisha kupigwa pasi yakisubiri kuchukuliwa jioni, akayapanga kitandani mwake na kuyafunika. Jirani akaleta viti, kitambaa cha meza na maua ya plastiki.

"Leo hapa panaweza kufungwa ndoa," jirani alisema.

"Tuombe tu mwanangu asifungiwe mlango," alijibu Mama Dobi.

Wageni walifika saa za alasiri, Kasuku akiwatangulia. Mama wa jiji alikuwa mrefu, mpole, amevaa viatu vya kutembelea. Mjumbe wa kamati alikuwa bwana wa makamo mwenye miwani mizito. Kasuku alipoingia uani alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akamwangalia mama yake. Mama yake, akidhani ni mshangao wa furaha, akamrudishia tabasamu na kuwakaribisha wageni soda.

Mchezo wao ulimhusu mgonjwa anayekimbia sindano. Kinyozi alikuwa mgonjwa, Kasuku alikuwa nesi mwenye sindano kubwa, ambayo kwa kweli ilikuwa pampu ya baiskeli, na Mnene alikuwa daktari anayewatafuta wote wawili. Waliutunga katikati ya mashuka, na mashuka ndiyo yalikuwa wodi yao. Mgonjwa alizama nyuma ya shuka hili akaibukia lile. Nesi alifungua pazia akakuta daktari. Hakuna aliyewahi kuwaza ingekuwaje bila hayo mashuka, kama vile mtu asivyowaza ingekuwaje bila sakafu.

Sasa Kinyozi akakimbia, akafika mahali pake pa kujificha, akasimama. Mbele yake palikuwa na hewa tupu. Akachutama tu, ua mzima ukimwona, akajifunika uso kwa viganja. Kasuku akapita hatua moja kutoka kwake, akauliza kwa sauti, "Kaenda wapi huyu?" Mnene, ambaye zamu yake ilikuwa bado, alikuwa amesimama peupe karibu na maua ya plastiki akijikuna shingo. Alipogundua kwamba anaonekana, akawapungia wageni mkono.

Wageni wakatabasamu lile tabasamu la watu waliolelewa vizuri. Bwana wa miwani akaitazama soda yake kwa makini. Kinyozi akaruka tena, akafika mahali pengine patupu, akachutama tena. Hakuna aliyecheka. Kasuku akainua mkono. "Samahanini, tupeni dakika moja."

Akaingia jikoni, mama yake akimfuata nyuma.

"Mama, mashuka yako wapi?"

"Nimeyatoa, mwanangu. Wageni wataangaliaje nguo za watu?"

"Tunachezea wapi sasa? Wanajificha wapi?"

"Si ua wote huu mnao? Nimefagia mara mbili—"

"Umefanya makusudi."

Mama Dobi akashika ukingo wa meza. "Makusudi?"

"Unataka niende kwa mjomba. Ungesema tu, mama. Usingejisumbua na maua." Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililouma zaidi. Binti akatoka, akasimama uani na ile pampu mkononi, akijifanya kuitengeneza.

Mama Dobi alitaka kuapa. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini akakumbuka kwamba wakati Kinyozi anachutama kwenye hewa, yeye mwenyewe, kwa kitambo kidogo sana, alikiona kile kiti chenye mgongo cha dukani. Hakukiita, ila kilipokuja hakukifukuza. Akaacha kuapa.

Akaingia chumbani. Mashuka ya gesti yalikuwa yamelala kitandani, makunjo yake yamenyooka kama rula, kazi ya siku nzima. Jioni mtu angekuja kuyachukua. Akajikaza kisabuni, akayakumbatia yote mpaka kidevuni, akatoka nayo uani.

"Wageni wangu mniwie radhi," alisema. "Nina nguo za kuanika."

Akakung'uta shuka la kwanza, makunjo yakafa palepale, akalibana kwenye kamba. Jirani, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, hakuweza kujizuia.

"Mwenzangu! Hayo si makavu?"

"Yana unyevunyevu!"

"Unyevunyevu wa pasi?"

"Badala ya kuuliza, lete yale mabichi!"

Mama wa jiji akaziba mdomo kwa mkono. Kasuku alikuwa amesimama kama nguzo. Mama yake akampita na pembe ya shuka, akamwambia bila kumtazama, "Hili lilikuwa hapa au pale?"

"Pale, mama," Kasuku alisema, akionyesha kwa pampu. "Chini kidogo. Miguu ionekane."

Kinyozi akaja kushika vibanio, Mnene akapokea mabeseni kutoka kwa jirani, na si punde ua ukarudi kuwa wodi. Wakaanza upya.

Mama Dobi hakwenda kwenye pasi yake. Hakukuwa tena na cha kupiga pasi, kila kitu kilikuwa kambani. Akakaa kwenye kiti cha kuazima, pembeni ya wageni, na kwa mara ya kwanza akautazama mchezo kwa macho.

Aliona shuka likitikisika na mguu mmoja wa Kinyozi ukitokeza chini yake, ukisikiliza kama sikio. Aliona pampu ikipita juu ya kamba, polepole, kabla nesi mwenyewe hajatokea. Halafu akatokea Kasuku, na Mama Dobi akashtuka, maana nesi yule alitembea kama yeye. Mkono mmoja kiunoni, shingo mbele, macho yakikagua kila kitu kama kuna mvua inakuja.

"Msiniguse mashuka yangu!" nesi akafoka.

Jirani akaangua kicheko kule ukutani. Mama Dobi akajikuta naye anacheka, khanga mdomoni, machozi yanamtoka, hajui ya nini.

Mgonjwa akakurupuka, akakosa pa kukimbilia, akajificha nyuma ya kiti cha mama wa jiji. "Mama, nakuomba, sema hujaniona!"

"Sijamwona!" mama wa jiji akajibu upesi, mikono juu, kama mtoto aliyekamatwa. Bwana wa miwani akavua miwani yake akaifuta, akaivaa, ikabidi aivue tena.

Walipokuwa wakiaga, mama wa jiji alimshika Mama Dobi mkono. "Lakini mama, si nilisema msijisumbue?"

"Mwanangu, si ndiyo nikajisumbua?"

"Majibu tutawapa baada ya kikao," bwana wa miwani alisema.

Mtu wa gesti alipokuja jioni hakuondoka na shuka hata moja. Yaliyokuwa masafi yalikuwa na unga wa usoni wa Kinyozi, na moja lilikuwa na alama nyeusi ya sharubu za daktari. Alilalamika weee, na Mama Dobi, ambaye siku nyingine angetetemeka, alimwambia tu, "Kesho mchana, kaka. Yatakuja masafi kuliko yalivyozaliwa."

Kesho yake akafua tena yote. Yalipokauka alianza kuyakunja peke yake, akibana ukingo kwa kidevu, kama alivyozoea tangu yeye na binti waanze kununiana kwa ajili ya lile duka. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Kasuku akatoka ndani, akachukua pembe mbili za upande wa pili bila kuitwa. Wakalivuta, wakalikung'uta, wakasogeleana, wakaachana.

"Nisamehe niliyosema jana," Kasuku alisema. "Najua hukukusudia."

Mama akapokea pembe. "Nilifagia kwa moyo wote. Hilo naweza kuapa. Lakini mchezo ulipoharibika sikuumia kama nilivyopaswa kuumia. Kwa hiyo hukukosea sana."

Wakakunja jingine.

"Yale makubaliano yetu tuyafute," mama akasema. "Hata jiji likikataa. Mjomba wako nimeshampigia, kaunta ampe mtu mwingine."

"Mama! Umepatwa na nini?"

"Nimekuona."

"Nimecheza hapa miaka yote."

"Nilikuwa nimekupa mgongo, napiga pasi." Kisha akaongeza, akijaribu kuwa mkali, "Na mimi sitembei vile."

Kasuku akaweka mkono kiunoni, akatoa shingo mbele.

"Acha ujinga, shuka linaburura!"

Majibu yalikuja mwezi uliofuata. Jiji lilikubali, ingawa kwa kiasi pungufu ya walichoomba, na likataka maonyesho yaanzie palepale uani, mlango wazi, kwa yeyote apitaye. Kasuku alisoma ujumbe kwenye simu kwa sauti, Mnene akapiga pampu hewani, Kinyozi akaacha mteja na nusu kichwa akaja mbio kusikia kwa masikio yake.

Mama Dobi alisikiliza mpaka mwisho, pasi ikiwa hewani. Alikuwa amegeuza meza yake siku nyingi sasa, ukuta ukawa mgongoni.

"Na mwaka ukiisha?" aliuliza.

"Tutaomba tena."

"Na wakikataa?"

"Mama."

"Mimi najiandaa tu," alisema, akatupa jicho juu. Upande wa pili wa mji kulikuwa na kawingu. Akaweka pasi chini, akaanza kuhesabu ni mashuka mangapi ayaanue, na ni mangapi awaachie.