Kikongwe wa Macho Mekundu, Ghalani Nkoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga kelele kuwazidi watazamaji. Mkono wa maiti ulichomoza kaburini, nami nikaangusha kipaza sauti. Bosi wangu, mwenye ukumbi wa video pale Bariadi, alinivuta sikio. "Masanja, umekuja kutafsiri au kuogopa?" Nikamjibu vyote viwili, na ndivyo nilivyofanya mpaka nikastaafu.

Ninyi mnaotazama sinema kiganjani hamjui mtafsiri alikuwa nani. Nilikaa kando ya runinga, nikapunguza sauti ya Wazungu na kusema maneno yao yote kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale utamu ulipozidi. Picha ikianza kutoa chenga, tulifungua deki na kufuta kichwa chake, yaani kile kidude kinachosoma kanda, kwa spiriti na pamba. Pamba kwetu haikuwa tatizo. Kila mhusika ilibidi apewe jina na kijiji cha huku, la sivyo watu walizomea. Mwenye kasri anayenyonya damu nilimfanya mtu wa Ipililo. Hadi leo sinema ninazozipenda ni hizo za kutisha za kizamani, zenye ukungu mwingi na milango inayolia bila kusukumwa.

Mwaka mmoja, kabla pamba haijaanza kuingia maghalani, bosi alinipeleka Nkoma na jenereta, tukaonesha mchana ndani ya ghala tupu. Filamu ilikuwa ya kikongwe anayeroga kijiji. Rangi zilishapauka, ila macho yake yalibaki mekundu. Kabla sijampa jina, mfugaji mmoja aliyefiwa na ndama wawili akasimama. "Huyo si Mayu Kabula?"

Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, alikuwa mjane, jirani na ghala, macho yameiva kwa moshi wa miti ya pamba aliyopikia. Kwetu kumfananisha mtu na mchawi si mzaha. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho tu.

"Funga vyombo, turudi Bariadi," bosi akaninong'oneza.

"Tukiondoka sasa, bosi, tumemwachia yule mama kifo."

Alinuna, lakini akakubali turudie kanda kesho yake. Asubuhi nikaenda kumwalika Mayu Kabula, ambaye hakuwahi kuona sinema. Nikamketisha mbele, ubavuni mwa yule mfugaji.

Kikongwe alipotokea kwenye runinga, niliwahi kipaza sauti. "Huyu ni bibi yangu mzaa mama, wa Kimali! Macho? Mnadhani anapikia umeme?" Wakacheka kidogo, kwa mashaka. Ndipo kikongwe akaruka kutoka nyuma ya mlango. Mayu Kabula akapiga yowe, akamng'ang'ania mfugaji shingoni.

"Baba, nifiche! Ataniroga!"

Mfugaji mwenyewe alikuwa anatetemeka, akamkumbatia. Watu walicheka hadi mbavu zikauma. Jioni mfugaji alimsindikiza kwake, kila mmoja akidai mwenzake ndiye mwoga.

Sasa nimestaafu. Kanda ninayo, deki sina, na wajukuu wanasema filamu zangu haziogopeshi. Siwabishii. Kilichoniogopesha mimi miaka yote ni simu za kutoka Nkoma. Juzi yule mfugaji akapiga, akasema Mayu Kabula hatunaye. Kabla hata ya kutoa pole, nikauliza.

"Amekufaje?"

"Uzee tu, Masanja. Kalala, hajaamka. Kaburi nimechimba mimi mwenyewe."

Nikakaa chini, nikalia. Mniwie radhi, nililia kwa furaha.