Picha ya Kuonyesha Msaada Umefika

Nimechoka kuomba kwa ajili ya watu wengine. Naanza na hilo ili msomaji asidhani naandika haya nikiwa na moyo mweupe kama wa malaika. Nimechoka, na masika yakikaribia nachoka hata kabla mvua haijanyesha.

Nina kibanda cha chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori wanaposimama kula kabla ya kuendelea Iringa au kabla ya kukata hifadhi kwenda Morogoro. Chai, chapati, wali maharage, kuku wa mchuzi siku mambo yakiwa mazuri. Kwetu ni Kilosa, bondeni, karibu na mto Mkondoa. Hilo peke yake lilitosha kunipa cheo nisichokigombea. Mto ukifurika, wafanyabiashara wenzangu wa barabarani hugeuka wakanitazama mimi, utadhani nimeacha bomba wazi nyumbani.

"Kwenu tena?" wananiuliza.

Kwetu tena. Basi naanza kuzunguka. Naingia kwenye nyumba za wageni, kwa wauza nyanya na vitunguu, kwa mawakala wa kutuma pesa, kwa madereva wanaokula wamesimama. Na kila ninapopita nakutana na swali lile lile: kwa nini hawahami? Dereva mmoja aliniuliza huku akikomba punje za mwisho kwenye sahani, na siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya. Nikamwambia mchele unaokula umetoka kule kule kwenye maji, wakihama wote utakula lami. Alicheka, akatoa alichokuwa nacho, akapanda lori lake. Lakini swali lake halikuwa la kijinga. Mimi mwenyewe nimejiuliza mara nyingi, hasa nikiwa nimebeba mzigo kichwani na viatu mkononi. Jibu ninalolipata ni moja tu, kwamba mto unaobomoa nyumba ndio unaoleta tope jeusi ambalo mahindi hulipenda, na mtu aliyezaliwa juu ya udongo ule hana pengine pa kwenda ambapo jembe linaingia kirahisi hivyo.

Mama yangu mdogo ni mmoja wa watu hao. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilimbembeleza mara nyingi aje tukae wote Mikumi, na kila mara alinijibu kwamba hawezi kuishi mahali ambapo hata mchicha unanunuliwa.

Mwaka ninaousimulia, maji yaliingia kwake yakaondoka na ukuta mmoja wa nyumba, kuku wote, na jembe. Kilichomuuma zaidi ni mahindi ya mbegu. Alikuwa ameyaning'iniza juu ya jiko, na maganda yake, yapate moshi yasiliwe na wadudu. Ukuta ulipoanguka, dari ilikwenda nao, na mbegu zikaenda na mto. Maji yalipopungua aliacha nyumba ilivyo, akaenda kusimama shambani. Tope lilikuwa limetanda, jeusi, lenye unyevu. Nilipompigia simu aliniambia jambo moja tu: udongo huu ukipasuka kabla sijapanda, mwaka mzima nitakula kwa mikono ya watu.

Nilijua maana ya maneno hayo. Hakuwa anaogopa njaa. Njaa aliwahi kuiona na wakaachana. Alikuwa anaogopa kungoja mlangoni kwa watu.

Kwa hiyo mwaka huo nilizunguka kwa nguvu zaidi, na kwa mara ya kwanza niliwaomba watu wa Mikumi wasilete nguo. Nguo huwa zinafika za kutosha, mpaka makoti ya baridi ya kina baba wa Ulaya. Niliomba mbegu na majembe. Wenzangu walielewa. Mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mwenye nyumba ya wageni, alisimamia kila kitu, na mwishoni akaweka sharti lake: kila atakayepokea apigwe picha akiwa ameshika mfuko wake, uso uonekane, na picha zirudi kwenye kundi letu la simu.

Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa na sababu. Huko nyuma blanketi tulizochanga zilionekana gulioni zikiuzwa na mtu ambaye hakuwahi kulowa hata kiatu. Anayetoa naye ana haki ya kujua kitu chake kimefika wapi. Nilikubali, nikachaji simu, nikaondoka na mzigo kwa barabara ya Kisanga, ambayo siku hizo ilikuwa nusu barabara na nusu dimbwi.

Tuligawa kwenye uwanja wa shule. Watu walipanga mstari, niliowajua na nisiowajua, na mimi nikawa nakabidhi kwa mkono huu na kupiga picha kwa mkono ule. "Inua uso kidogo, baba. Shika mfuko juu, dada. Asante." Mzee mmoja aliyewahi kunifundisha darasa la tatu alisimama mbele yangu, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akainua mfuko mpaka kifuani bila kuambiwa. Alikuwa ameshawaona wenzake. Wakati tunaendelea, mama mmoja wa familia za wafugaji wa kule uwandani alikuja na dumu la maziwa, akaliweka chini karibu na masufuria ya uji wa watoto, akaondoka. Nilipotoa simu ili naye aingie kwenye picha, alikuwa ameshavuka uwanja.

Ndipo zamu ya mama mdogo ikafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikampa mfuko. Akaupokea kwa mikono miwili, akaupapasa, akazijua mbegu kwa vidole. Uso wake ulifunguka. Halafu nikainua simu, naye akajitanda khanga mpaka puani.

"Mama, ni picha tu. Waliochanga wanataka kuona."

"Waone nini?"

"Kwamba umepata."

Alinitazama, akautazama mfuko. "Mimi nimewaona wezi wakipigwa picha hivi kituoni," alisema, "wamesimamishwa na kidhibiti mkononi. Mimi nimeiba nini?"

Akaurudisha mfuko juu ya meza, taratibu, akatoka kwenye mstari. Watu wote waliona. Nilitaka kumfuata, nilitaka kumpa mfuko bila picha, lakini alikuwa ni mama yangu. Ningempa yeye kwa mlango wa nyuma, mstari mzima ungesema ndugu wa mgawaji hana masharti. Nilimpa aliyefuata.

Jioni nilimkuta kwenye kile kilichobaki cha nyumba. Nilimwambia nitamnunulia mbegu mwenyewe. Akaniuliza kwa hela gani, wakati malori hayapiti na chai yangu naiuzia nzi. Ilikuwa kweli. Barabara kuu nayo ilikuwa imekatika, na mimi nilikuwa nakula mtaji. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia kiburi hakichemshwi kikawa ugali. Aliendelea kuanika godoro ambalo wote wawili tulijua halitakauka.

Nilirudi Mikumi nimevunjika moyo, na wa kwanza kuniona alikuwa fundi wa kuziba pancha, jirani wa kibanda changu. Huyu ni Mnyamwezi, mtu mzima wa makamo, na sisi Wasagara na wao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kuja msibani kwenu akatukana marehemu, na mfiwa akacheka. Anaweza kukuita mtumwa wake, akabeba kuku wako mbele ya macho yako, na utakachofanya ni kumpigia kelele za kicheko. Mimi na yeye hatujawahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja.

"Mtu wa mtoni," alisema bila kuinua kichwa kwenye tairi, "mmeoga, mmetakata?"

Nilikaa juu ya rimu nikamweleza yote, mfuko, picha, khanga, na udongo unaokauka. Aliacha kazi yake akasikiliza. Nilipomaliza alipangusa mikono kwenye suruali.

"Kwa hiyo mtumwa wangu ana kiburi kiasi hicho?"

Kesho yake alikuja kibandani na mfuko wa mbegu za mahindi yanayokomaa kwa muda mfupi, na jembe jipya lisilo na mpini. Biashara yake nayo ilikuwa imelala, kwani bila malori hakuna pancha. Sijui alijibana wapi.

"Usimwambie ni msaada," alisema. "Mwambie namnunua. Akivuna nakuja kumchukua yeye na gunia zake. Na mpini achonge mwenyewe, nimewazoea kwa uvivu."

Niliupeleka ujumbe kama ulivyo, kwa woga. Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaupokonya mfuko mikononi mwangu.

"Ananinunua mimi? Kwa mbegu tu? Hata khanga hakuongeza?" Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu maji yaingie. "Kamwambie sikununuliwa. Kamwambie nimemwibia."

Tulitafuta mti wa mpini saa ile ile. Tulipanda siku hiyo na iliyofuata, tukizama mpaka kwenye vifundo, na udongo ulikuwa umeanza kuweka nyufa nyembamba pembeni. Mgongo uliniuma mpaka nikashindwa kuongea. Nilifikiri sana wakati nainama na kuinuka. Mbegu zilikuwa mbegu zile zile. Jembe ni jembe. Mfuko wa kwanza ulimtaka asimame kama mtu aliyeshindwa, na huu wa pili ulimpa nafasi ya kutukana. Nimesikia watu wengi wakibishana kama inafaa kuwasaidia waliopatwa na mafuriko au tunawazoesha kunyoosha mikono. Mimi sina hamu tena ya ubishi huo. Anayekuja kuniuliza namwambia toa, halafu muache mtu awe mtu.

Mahindi yalikubali. Siku moja malori yakiwa yamerudi na kibanda kimejaa, mama mdogo alishuka kwenye gari la Kilosa na kiroba cha mahindi na boga kubwa. Hakuja kwangu. Alivuka moja kwa moja mpaka kwa fundi wa pancha, akatua mzigo katikati ya matairi.

"Wewe ndiye Mnyamwezi unayenunua watu?"

"Mtumwa wangu amejileta mwenyewe!"

"Nyamaza. Nimekuletea msaada. Nimesikia huku kwenu hamjui kulima, mnalima lami." Madereva walikuwa wameshaanza kusogea na sahani zao. Akanigeukia mimi. "Toa simu. Na wewe, simama hapo. Shika mfuko. Uso uonekane. Waliotoa wanataka kuona."

Fundi alijifanya mnyonge, akakikumbatia kiroba kifuani, akainamisha kichwa, akalegeza midomo. Watu walikufa kwa kicheko. Nikapiga. Mama mdogo akaniomba simu, akaitazama picha kwa muda, na yeye akaacha kucheka kabla ya wengine.

"Umeona?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu mtu ana kazi yake, ana nyumba yake, na anafanya mchezo. Lakini hapa anaonekana hana kwao."

Nilitaka kulia palepale, mbele ya madereva na masufuria yangu. Sikulia, nilikwenda kugeuza chapati.

Masika yaliyofuata mto ulifurika tena. Nilizunguka tena, nikajibu lile swali la kwa nini hawahami, nikapanga mzigo kibandani. Mwenyekiti aliandika kwenye kundi kunikumbusha: picha, tafadhali, na nyuso zionekane. Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nimechoka mno kuandika maelezo. Nikatuma ile picha ya fundi.

Kila mtu pale anamjua fundi wa pancha. Baada ya muda yeye mwenyewe akaandika: "Nawashukuru sana wafadhili wangu. Mungu awazidishie."

Asubuhi mwenyekiti alikuja kibandani kwa miguu, na mfuko mwingine wa mbegu ambao haukuwa kwenye mzigo wetu. Aliuweka juu ya mingine, akaonja chai yangu, akasema ina sukari nyingi. Alipofika barabarani akageuka.

"Ukienda," alisema, "simu yako iache hapa inachaji."