Choo cha Wageni

Wifi yangu, kitinda mimba wa kwao mume wangu, tunamwita Chiriku. Ukikaa naye muda wa kuchemsha chai utajua kwa nini. Alikuja kuishi nasi mjini likizo ndefu ilipoanza, amemaliza chuo cha ualimu wa chekechea, hajaitwa kazini popote, na mji wenyewe haujui. Mara ya kwanza kumtuma dukani alirudi na vitunguu pamoja na mama mmoja wa kumwonyesha njia.

Haikupita wiki akapata kibarua kwenye kambi ya watoto. Kambi yenyewe si ya kulala. Wazazi wanawaacha watoto asubuhi wakienda kazini, watoto wanacheza, wanachora, wanaimba, jioni wanafuatwa. Mwenye kambi, mwanamume nadhifu aliyetaka aitwe Mkurugenzi hata na watoto, alikodi shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo.

Chiriku alipewa wadogo kabisa, wa miaka mitano na sita. Aliwapenda mpaka ikawa kero nyumbani. Tunakula, yeye anatuimbia wimbo wa kobe. Mume wangu akiomba chumvi, anaambiwa anyooshe mkono kwanza. Aliyemteka zaidi ni binti mmoja aliyembandika jina la Kibogoyo, maana meno ya mbele yalimtoka yote mawili kwa mpigo, na ulimi ukakosa pa kugonga. "Anti, thimba anathinzia wapi?" Chiriku aliliigiza swali hilo jioni nzima.

Halafu nyimbo zikapungua. Akawa anarudi, anakaa jikoni kwangu na kumenya viazi nisivyomwomba amenye, kisu kinaondoka na ganda na nusu ya kiazi.

"Wifi," aliniambia siku moja, "wale watoto wananyimwa maji."

Nilidhani anatia chumvi. Wala. Shule ile ilikuwa na vyoo vitatu vya watoto, viwili vimeziba na kupigwa kufuli. Badala ya kumwita fundi, Mkurugenzi aling'oa mkono wa koki ya bomba la uwanjani akautia mfukoni. Watoto wakawa wanapewa kikombe kimoja wakati wa vitafunio na kingine wakati wa chakula cha mchana, basi. Chupa walizotoka nazo nyumbani zilikusanywa asubuhi na kufungiwa stoo, eti zisipotee. Na jua la siku zile lilikuwa la kupasua vichwa.

"Nilimfuata ofisini," Chiriku alisema. "Nikamwambia watoto wana kiu. Unajua alinijibu nini? 'Mwalimu, wakinywa sana watakojoa sana, na choo ni kimoja.' Anasema hivyo na mbele yake kuna jagi la maji limejaa barafu."

"Wenzako wanasemaje?"

"Kocha wa michezo ananiambia nifunge mdomo, kibarua kisije kikaota nyasi."

Mume wangu naye, sitamficha, alimuunga mkono kocha. "Wewe ni mgeni hapa, mdogo wangu. Meza tu." Chiriku akameza. Kwa mtu asiyejua kunyamaza, ilikuwa kama kumeza mwiba.

Siku chache baadaye Kibogoyo alikuwa kwenye foleni ya kile choo kimoja. Foleni ilikuwa ndefu, na mkojo haujui foleni. Mkurugenzi akapita, akaona gauni limelowa. Akamsimamisha barazani, uso kwa wenzake, ili wengine wajifunze kubana. Chiriku alikuwa stoo anatafuta mipira. Alipotoka alimkuta mtoto bado amesimama, viganja vyote viwili vimeziba ile sehemu iliyolowa, inzi wanamtembelea miguuni. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililomuumiza Chiriku zaidi.

Alimwogesha kwa maji yake mwenyewe ya kunywa, akamvika fulana yake ya akiba ikamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mwalimu, unanivunjia nidhamu," Mkurugenzi alimwambia.

Jioni ile Chiriku alitusimulia hayo kwa sauti ya chini, kisha akaenda kulala bila kula. Mume wangu alinitazama. Hakurudia tena ushauri wake wa kumeza.

Kwenye jengo la ofisi kulikuwa na choo kingine, cha vigae vyeupe na sabuni ya kunukia, mlangoni kimeandikwa WAGENI TU. Asubuhi iliyofuata wazazi kadhaa walikuja kuitazama kambi, na Mkurugenzi alikuwa anawaeleza habari za mazingira rafiki kwa mtoto. Katikati ya maelezo hayo Chiriku aliingia na darasa lake, kila mmoja ameshika shati la mwenzake. Akachukua ufunguo ukutani, akafungua.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Watoto wanataka kukojoa, Mkurugenzi. Na wana kiu."

"Choo chao si kipo kule?"

"Kipo kimoja. Viwili umevifunga. Na mkono wa bomba unao mfukoni."

Mkurugenzi akacheka, akawaambia wageni kwamba anti huyu ana utani sana. Lakini watoto walikwisha kulivamia lile sinki, wanakinga maji kwa viganja, wanakunywa kwa pupa, wanasukumana. Baba mmoja aliwatazama, kisha akanyoosha mkono.

"Huo mkono wa bomba, naomba niuone."

Kabla ya chakula cha mchana Chiriku alikuwa amefukuzwa. Kocha alimsindikiza getini akiangalia viatu vyake mwenyewe.

Mama yake Kibogoyo ni nesi. Alikuja kwetu na sare yake ya kazini, akakaa ukingoni mwa kochi. "Mwanangu analia mkojo unamchoma," alisema. "Na mimi kila jioni namgombeza. Namwambia, hupendi kunywa maji wewe." Kesho yake alisimama kwenye geti la kambi akamweleza kila mzazi aliyefika, na hazikupita siku nyingi fundi akaitwa, vyoo vikafunguliwa, koki ikarudishiwa mkono wake.

Na ni nani aliyepongezwa? Mkurugenzi. Alikata utepe mbele ya vyoo, akapigwa picha, wazazi wakatumiana kwenye simu na kumshukuru kwa kujali afya ya watoto. Chiriku hakutajwa wala hakuitwa.

Nesi alimtafutia nafasi kwenye chekechea iliyo karibu na hospitali, na huko yuko mpaka leo, nyimbo zimerudi. Watu wanatuambia yameisha. Mimi nilitaka kuamini hivyo, mpaka juzi alipokutana na Mkurugenzi benki, naye akamsalimu kwa bashasha na kumkaribisha likizo ijayo, eti wameboresha.

"Yule mtoto uliyemsimamisha barazani," Chiriku alimuuliza, "ulimwomba radhi?"

"Mtoto yupi?"

"Hakuwa anajifanya, wifi," aliniambia. "Kweli hamkumbuki."