Nywele za Dada Yangu Faida

Nakumbuka Alhamisi moja ya mvua, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa. Kukaa ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii maisha yangu yote. Wenzangu wa sekondari walifika Goma, Kampala, mpaka Ulaya. Mimi nilifika mlangoni mwa nyumba yetu hapa Kibabi, nikaona inatosha.

Ulikuwa wakati wa vita, na barabara ya Walikale ilikuwa imekatika. Dada yangu Faida alikuwa ameolewa huko, ng'ambo ya Kibua. Telefone kama hiyo unayolala nayo hazikuwepo. Kulikuwa na foni ya paroisse, yaani ya parokia, redio ya kusema na watu wa mbali. Kila Alhamisi Faida alishuka Kibua kwenye foni ya kule, nami nikapanda kilima mpaka ya huku, tukasalimiana, nikarudi kumwambia mama, ambaye magoti yake yalikuwa yamechoka. Kazi ni hiyo tu. Kilima kimoja.

Lakini mvua ya Masisi unaijua. Nikaishia chini ya kilima, kwa jirani yetu mwenye ng'ombe, nikanywa maziwa ya kuganda, kisha nikarudi kwa mama: "Faida iko muzima. Anakusalimia sana." Mama akamshukuru Mungu. Alhamisi ya pili, mvua tena, salamu tena. Ya tatu hakukuwa hata na mvua, nilikuwa nimeshazoea. Nikamwongezea na habari za muhogo na afya ya watoto. Kwa uongo nilikuwa na mkono mpana.

Siku chache baadaye Papa Bahati, mzee wa foni, akashuka mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hashuki hata kwa harusi. Akamwangalia mama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mama Faida, kumbe muko wazima?"

"Tuko wazima, Papa. Kwani?"

"Mutoto wako anaita, hakuna mutu anaitika. Alisikia kama huku chini kulipigwa vita. Na mimi sikuona mutu wenu, ningemuambia nini? Amenyoa kichwa, Mama. Anawalia."

Kwetu kichwa kinanyolewa baada ya mazishi. Dada yangu alikuwa ametuzika wote, nami nina maziwa mdomoni. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wa kwangu ulisikika mpaka Kibua.

Mama hakunipiga. Alhamisi ilipofika alisema, "Inama." Nikakipanda kile kilima naye mgongoni. Katikati ya matope akaniambia sikioni, polepole, "Miguu yangu ndiyo ilikuwa wewe." Basi. Mpaka leo neno hilo halijashuka mgongoni.

Faida aliposikia sauti ya mama, foni ilikwaruza muda mrefu. Papa Bahati akasema ni upepo. Kisha: "Mama? Na ule muvivu, naye alikufa?"

"Iko hapa. Amenibeba."

"Amebeba mutu? Basi kweli dunia inaisha."

Tangu siku ile nilimbeba mama kila Alhamisi. Akamsimulia Faida jinsi babu yetu alivyochimba barabara ile ile ya Walikale chini ya fimbo ya Wazungu. Mimi shuleni nilikariri wafalme wa Ubelgiji. Jina la babu aliyechimba barabara nililisikia mara ya kwanza kwenye foni. Mama alifariki kabla barabara haijafunguliwa. Faida alinyoa tena, safari hii kwa haki.

Sasa wewe, mwanangu, uko mbali, na historia ya Kongo unaijua yote kwenye telefone yako. Lakini ujumbe wa dada yangu Faida umeusoma tangu Jumapili, hujajibu. Unangoja upate la maana. Hakuna la maana kuliko "niko." Piga, hata kama huna habari. Rezo ya simu ikikatika, usitunyolee haraka. Piga tena kesho. Na usiulize tu tuko wazima. Uliza nani alichimba, nani alikimbia, nani alirudi, maana nchi hii imeandikwa zaidi vichwani mwa wazee kuliko vitabuni, na vichwa havina kopi.

Mungu akulinde huko uliko, akupe wa kukuita na wa kukuitikia, na nywele zako zikue mpaka ziote mvi kama zangu. Miguu usiombe kama yangu.