Moshi Huingia Macho Yote Mawili

Mwanangu, nakumbuka siku zile katika soko la Pap Onditi, nikiwa mke mpya, nakaanga samaki wa mbuta kando ya mama mkwe wangu. Kila nilipokaa motoni kwa muda, jicho la kushoto liliingia ukungu na miguu ikawa mizito. Nikikaa kivulini kidogo, yote yanaisha. Wateja wakanicheka kwamba bibi arusi anaogopa jiko. Jibu langu lilikuwa tayari: "Ni moshi." Mkaanga samaki akisema moshi, nani atambishia?

Mama mkwe alinibishia. Alikuwa mkali, jamani, hata paka wa sokoni walimwamkia!

"Nyar Seme," akaniita, yaani binti wa Seme, kwetu nilikozaliwa, "moshi inaingia macho mbili. Mbona wewe unafunga moja tu?"

Niliogopa kupofuka, na zaidi niliogopa kurudishwa kwetu kama mzigo.

Akanipeleka Kisumu mwenyewe. Hospitalini nilisoma herufi zote na kutembea sawasawa. Daktari mwingine angenipa dawa ya macho tukaagana. Daktari yule, Mungu ambariki, akauliza, "Inakuja ukiwa wapi?"

"Kwa moto," Mama akajibu.

Daktari akaniambia nipande na kushuka ngazi mpaka nitokwe na jasho, mwili upate joto kama la jikoni, kisha akanionyesha kifuniko chekundu cha chupa, jicho moja moja. La kulia liliona nyekundu. La kushoto liliona rangi iliyopauka, kama kanga iliyofuliwa mno. Picha ya ubongo ikaonyesha kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia mishipa ya fahamu. Ugonjwa huo huitwa MS. "Mmewahi," akasema.

Mama akalia palepale, kisha akanishika mkono. "Twende nyumbani. Kwa jiko nitakaa mimi."

Ni miaka mingi sasa. Dawa natumia, siku nyingine mguu hunigomea, lakini uso wako nauona vizuri. Nashukuru mno.

Basi mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna ugonjwa unaokuja na kuondoka, na ukifika kwa daktari unajifanya haupo. Sema unakuja lini, upande gani, ukifanya nini. Na mwenzako akiwa na kisingizio kizuri kila siku, usimcheke, mtazame tena. Mungu akulinde, akupe wa kukupenda, na kati yao awepo mmoja asiyeridhika na jibu lako la kwanza.