Mzigo Unaoimba

Shangazi yangu hakujua kukaa bure, na mchumba wangu alipenda kukaa bure kuliko kitu chochote. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Ilikuwa miaka ile baada ya watu wa kwetu Msimbu kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Kibaha, nimepanga chumba Maili Moja. Mchumba wangu alikuwa karani ofisi ya jirani, Mnyamwezi mrefu, mpole mpaka anakera. Mali yake ya maana ilikuwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, aliyoachiwa na mjomba wake, pamoja na santuri za nyimbo za taratibu, gitaa na sauti ya kubembeleza. Jumapili wenzake wanakwenda dansini Dar. Yeye anabeba gramafoni yake, anatafuta mahali penye mandhari nzuri, anakaa, anatazama, anasikiliza. Basi! Mimi nilimpendea hapo hapo, sifichi.

Alipoleta posa, baba hakusema ndiyo wala hapana.

"Shangazi yako ndiye aliyekulea," akaniambia. "Mtoke naye siku moja, amtazame huyo kijana. Atakalosema yeye ndilo langu."

Shangazi alikuwa mjane, mkulima, na ulimi wake, jamani, Mungu amsamehe. Tena mpunga ulikuwa umeanza kuiva, kwa hiyo kila usiku alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, akipiga debe kufukuza nguruwe. Kukicha anashika jembe. Sikuwahi kumwona amelala mchana, hata akiumwa.

Jumapili hiyo mchumba wangu akafika kwetu Msimbu na gramafoni begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe Wanyamwezi hamjaacha upagazi! Huo mzigo wa nani?"

"Wangu, shangazi. Mzigo huu unaimba."

"Unaimba! Na kula unakula?"

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Lakini ubaya wa mtani ndio huo: hujui tusi lipi ni la mzaha na lipi limetoka moyoni. Njia nzima ndani ya basi nilimchungulia shangazi usoni nisione kitu.

Kisarawe tulianzia kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Nilikuwa nimeisifia mwenyewe: kuta nene, madirisha marefu, kivuli baridi hata jua likiwa la utosi. Mchumba wangu akaweka santuri, wimbo ukaanza taratibu, na mimi nikawa natazama matao yale kwa raha zangu. Shangazi akausogelea ukuta, akauwekea kiganja.

"Baba yangu alibeba mawe ya hapa," akasema. "Kwa viboko. Huenda hili ni lake."

Sikujua. Nilikuwa nimepita pale tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniambia. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia wimbo umekatika. Mchumba wangu alikuwa ameinua sindano, amevua kofia, amesimama kimya. Hakutoa pole wala hotuba. Tulikaa hivyo mpaka shangazi mwenyewe aliposema twende. Nilimheshimu sana siku ile, na mpaka leo.

Tukapanda vilima kuelekea msitu wa Pugu. Pale juu, weee! Msitu umetanda kijani mpaka chini, upepo unapita juu ya majani, na mbali kabisa bahari imeonekana kidogo, kama uzi wa buluu. Shangazi akatandika kanga, akanyoosha miguu.

"Haya. Tunatazama nini?"

"Msitu, shangazi," mchumba wangu akajibu, akizungusha mkono wa gramafoni.

"Msitu! Humo ndimo wanamotoka nguruwe wanaonimalizia mpunga. Na ngoma hii inachezwaje?"

"Haichezwi. Inasikilizwa tu."

"Ngoma ya harusi naijua, ya mwali naijua. Hii ni ya nini?"

"Ya kupumzika."

Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Mwanangu," akanigeukia, "huyu si mume, huyu ni mgonjwa."

Nikajua posa imekwisha, inarudi ilikotoka. Nikageukia bahari ili machozi yasionekane.

Nilipogeuka tena, shangazi alikuwa amelala. Amelala kweli kweli, mdomo wazi, mkono chini ya shavu. Santuri ikaisha, kope zake zikaanza kucheza. Mchumba wangu akaigeuza haraka, akazungusha. Kope zikatulia. Na santuri zile hazidumu, nakwambia, ukipiga miayo imekwisha. Akawa anageuza na kuzungusha, anageuza na kuzungusha. Nikamnong'oneza kwamba basi litatuacha. Akatikisa kichwa. Mkono wa kulia ulipochoka akahamia wa kushoto. Jua liliposogea, akasogea nalo, kivuli chake kimwangukie shangazi usoni.

Basi likatuacha. Jua lilikuwa limelala upande wa Msimbu shangazi alipoamka, akatazama huku na huku kama aliyeibiwa kitu. Akauona mkono wa mchumba wangu bado unazungusha, kiganja kimevimba malengelenge. Akakunja kanga, akatangulia.

Tulirudi kwa miguu, njia nzima hakuna utani hata mmoja, na ukimya ule ulinitisha kuliko matusi. Baba alitupokea mlangoni.

"Vipi?" akamwuliza dada yake.

"Nimelala," shangazi akasema.

Baba hakuelewa. "Umelala wapi?"

"Mlimani, mchana kweupe. Nalinda mpunga, nalinda nyumba, nimelinda watoto wa watu mpaka wakakua. Tangu mume wangu afe hakuna aliyenilinda mimi. Leo huyu Mnyamwezi amenilinda."

Akaingia ndani kuchukua debe lake, maana nguruwe hawana Jumapili. Baba akamwambia mchumba wangu atue mzigo, akaniagiza nimletee mkwewe maji ya kunawa.